Balbu mbili, betri moja

Leo nimekaa na mdogo wangu kwenye somo la umeme, na moyo wangu umefurahi kweli. Tulichukua betri ya volti 6 na balbu mbili zinazofanana. Tukaziunga kwa mfuatano, moja baada ya nyingine kwenye njia moja ya waya: zikawaka kinyonge, nyuzi zake nyekundu tu. Tukaziunga sambamba, kila moja na njia yake kutoka kwenye betri, zikang'aa!

Akauliza, "Huo umeme wa ziada umetoka wapi?" Swali zuri mno, watu wengi hulipita. Kwenye mfuatano balbu hugawana, volti 3 kila moja. Zikiwa sambamba kila moja hupata volti 6 zote, ila betri hutoa mkondo (mtiririko wa umeme) mkubwa zaidi na huisha mapema.

Kisha akachomoa balbu moja. Ya pili ikaendelea kuwaka. Akairudisha, akachomoa tena, mara tano nzima.