Sikuikata miembe ya baba

Baba alituachia miembe sita ya kienyeji hapa Makueni, Kenya, mikubwa, maembe yake ya nyuzi hata madalali hawayaulizi. Mwaka 2018 mchoma makaa alikuja kuitaka yote. Mama akaniuliza, "Mwanangu, karo ya wadogo zako itatoka wapi?" Nikamwomba miaka mitatu.

Nilibadilisha aina bila kung'oa mti. Mwezi wa Agosti nilikata matawi makubwa yakabaki visiki. Mwembe wa kwanza niliunyoa wote. Jua likababua gome, ukakauka. Uliniuma sana. Ile mitano niliachia kila mmoja tawi moja la kulisha mizizi, na mashina nikayapaka chokaa.

Mvua za vuli zilileta machipukizi tele. Nilibakiza machache yaliyoachana vizuri, na yalipofikia unene wa penseli nikayapandikizia vijiti vya aina ya embe iitwayo Apple, nilivyokata kwa jirani asubuhi ileile, macho yake ya kuchipua yamevimba lakini hayajafunguka. Chipukizi unalipasua kati, kijiti unakichonga kama kabari, halafu unahakikisha ganda la ndani la hiki limegusana na la kile, hata kama ni upande mmoja tu. Hapo ndipo wengi hukosea. Ukishafunga kwa ukanda wa nailoni, usifungue upesi. Kati ya vijiti 22, 15 vilishika.

Kivuli kilipopungua nilipanda kunde na ndengu chini yake, zikatuvusha hadi Januari 2022, tulipochuma kwa mara ya kwanza mzigo wa kuuza. Karo ililipwa. Maembe yanayoanguka hayalali shambani: nayafunga kwenye mfuko mweusi juani hadi mabuu ya nzi wa matunda yafe. Nzi hao ndio waliofanya Kenya isitishe kuuza maembe Ulaya mwaka 2014 hadi 2021.

Watu huniuliza kuhusu pesa za kaboni, yaani malipo ya kutunza miti inayohifadhi kaboni ya hewani. Mimi bado sijazipata, wala sizisubiri. Ila najua karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni, na mche nikiupanda leo utachukua miaka mingi kufikia shina la baba. Kuchoma shina hilo ili nipande miche, kisha niseme natunza hewa, kungekuwa kujidanganya. Kinacholizuia shoka hapa kwetu ni embe linalouzika.

Agosti hii nakata miwili ya jirani. Vijiti vitatoka kwetu, na mama amesema tusimtoze.