Sekunde tisa za ukili

Tangu Novemba mwaka jana, wenzangu watatu na mimi tumekuwa tukitengeneza filamu fupi ya katuni, tukiichora kwa mkono karatasi moja baada ya nyingine, katika chumba cha uani cha nyumba ya mmoja wetu hapa Tanga. Filamu itakuwa ya dakika nne tu. Inamhusu bibi anayesuka mkeka wa harusi ya mjukuu wake, na karibu yote inatokea barazani, baina ya alasiri na magharibi. Leo nitaeleza kipande kimoja tu, kile kinachoonyesha mikono ya bibi huyo ikisuka ukili, yaani ule utepe mrefu wa majani unaoshonwa kuwa mkeka, kwa sababu kimetula muda kuliko vingine vyote.

Sinema hupitisha picha 24 kwa sekunde moja. Wachoraji wa katuni walibaini zamani kwamba jicho huridhika hata kama kila mchoro utashika nafasi ya picha mbili, kwa hiyo michoro 12 inatosha kwa sekunde, nasi tumefuata utaratibu huo. Hata hivyo, dakika nne ni michoro 2,880, na hapo sijahesabu ile tuliyoichana. Mmoja wetu anachora michoro mikuu, yaani ile inayoshika mwanzo, kilele na mwisho wa kila tendo; wawili, nikiwemo mimi, tunajaza michoro ya kati juu ya meza ya mwanga, ambayo ni kioo kilichopachikwa kwenye fremu ya mbao na taa chini yake; na wa nne anapiga picha za michoro na kushughulikia sauti.

Mwanzoni tulidharau suala la matundu, yale yanayozishika karatasi zote mahali pamoja juu ya meza. Tulitoboa karatasi zetu kwa kitoboleo cha kawaida cha ofisini, tukaona yatosha, mpaka tulipopanga picha za kwanza na kumwona bibi mzima, pamoja na baraza lake, akirukaruka kushoto na kulia kwa sababu kila karatasi ilikuwa imetobolewa mahali tofauti kidogo na mwenzake. Kazi ya majuma matatu ikapotea. Baadaye nilisoma kwamba hata waasisi wa sanaa hii walisumbuliwa na jambo hilohilo: Winsor McCay aliweka alama za msalaba kwenye pembe za karatasi ili michoro ilingane, na Raoul Barré, Mkanada aliyefungua studio mjini New York mwaka 1914, ndiye anayetajwa sana kuwa mwanzilishi wa kutumia vigingi vya kushikia karatasi. Fundi seremala wa mtaani kwetu alituchongea vigingi vya mninga, pamoja na kibao cha kubania karatasi wakati wa kutoboa, na tangu siku hiyo baraza limetulia. Masika ilipoingia karatasi zilianza kuvuta unyevu na matundu kulegea, kwa hiyo sasa tunazihifadhi katika ndoo za plastiki zenye mifuniko.

Nirudi kwenye ukili. Kipande hicho nilikichora mara ya kwanza kwa kumbukumbu, nikiamini kwamba mtu aliyezaliwa na kukulia juu ya mkeka hahitaji kufundishwa namna unavyosukwa. Vidole vilipita vizuri, mistari ilikuwa safi, nami nikaridhika. Mwenzetu anayechora michoro mikuu alikitazama mara mbili, akasema, "Mikono hii inacheza, haisuki." Alisema kweli. Kesho yake alitupeleka kwa shangazi yake, ambaye amesuka mikeka tangu alipokuwa msichana.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, wanangu. Mmefuata mkeka?"

"Tumefuata mikono yako, Shangazi. Tunataka kuichora."

Alishangaa kidogo, kisha akanyunyizia maji ukindu wake ili usikatike, akaendelea na kazi. Tulikaa naye alasiri tatu. Niligundua kwamba haitazami mikono yake kabisa, anatazama njia na wapitao. Ukili uliokwisha kusukwa ameukanyaga kwa kidole gumba cha mguu ili usilegee. Nilikuwa nimeupa mkono wa kulia kazi yote, naye akanisahihisha bila kuinua sauti: "Wa kulia unapeleka tu. Unaosuka ni wa kushoto." Na kweli, kila jani linapopita, gumba la kushoto hulikandamiza na kutulia hapo kitambo kidogo kabla ya kusogea. Kituo hicho ndicho kilichokosekana katika michoro yangu; mikono yangu haikuwa ikibana kitu.

Sekunde tisa, kwa hesabu yetu, ni michoro 108. Baada ya kulipa gumba nafasi yake ya kutulia, ilibaki 91, kwani mchoro mmoja wakati wa kubana unakaa kwa zaidi ya picha mbili. Ukili wetu una majani tisa, na kila jani tulilipa namba kwa penseli ya buluu, ili katika kila karatasi tujue lipi liko juu na lipi limekwenda chini. Watu hutuuliza kwa nini tusiiachie programu ya kompyuta ijaze michoro ya kati. Inaweza, na wapo wanaoitumia kwa ustadi mkubwa. Lakini nisingekaa alasiri tatu barazani kwa Shangazi kama ningekuwa na mashine ya kunikisia njia ya jani.

Jumapili iliyopita tulimpelekea kipande hicho kwenye simu, kikiwa bado cha penseli tupu. Alivaa miwani, akakitazama mara tatu, akatabasamu alipoona kidole cha mguu. Mara ya nne alitusimamisha na kuweka ukucha wake juu ya kioo cha simu. "Hapa jani limepita juu. Lilitakiwa kupita chini. Mkeka huu utafumuka."

Tulipofika nyumbani tulizihesabu karatasi. Jani la nne lilikosewa kuanzia mchoro wa 63, na kosa likaendelea mpaka wa mwisho, kwa hiyo michoro 29 inachorwa upya. Jana usiku nilifika mchoro wa 78, na jani la nne linapita chini.