Oili ya Hiace ya kulala: soma nyuma ya dumu, wacha kutizama rangi

Tangu mie na shemegi yangu tuigeuze ile Hiace kuwa gari ya kulala, kitanda nyuma, jiko la gesi, tangi la maji na kifriji, kila anaekuja anatizama mapazia na kuuliza bei ya godoro. Hakuna anaeuliza injini inakunywa nini. Na mie ndo hapo hasa nilipotia akili yangu, kwasababu godoro likichakaa unapata jengine Darajani jioni ile ile, injini ikinoki unaanza kupiga simu Dar na kungojea boti.

Gari yenyewe dizeli, injini ya Toyota inayoitwa 1KD, lita 3 na tabo (turbo) yake, zile zile zilizojaa hapa Unguja zinazopeleka wageni Nungwi na Paje. Kwahivyo hata kama yako haina kitanda haya yatakufaa, na mwenye Noah ya petroli nae hatoki mikono mitupu.

Ukifika duka la spea ukasema nataka oili ya dizeli, kijana atakushushia dumu la 20W-50 na kukwambia chukua hii nzito, nzuri kwa joto letu. Watu hapa wanapenda oili nzito kama wanavyopenda uji wa Ramadhani. Lakini yakhe, injini ikishapata moto thamostati inaiweka kwenye digrii 80 na kitu mpaka 90 na kitu, iwe ipo Bwejuu ama ipo Tokyo, joto la nje peke yake si sababu ya kukimbilia 50. Ile namba ya mbele yenye W ni ya baridi, 15W inapimwa ikiwa digrii 20 chini ya sifuri na 5W digrii 30 chini ya sifuri, baridi ambayo sie hata friza ya samaki haifiki mara nyengine. Namba ya nyuma ndo uzito wake ikiwa digrii 100. Ila usiidharau ya mbele kabisa, maana injini iliyolala usiku kucha hata hapa kwetu oili yake ni nzito kuliko ikishachemka, na tabo ipo juu inangojea, nyepesi inafika mapema. Mie natia 15W-40 na nimeridhika. 20W-50 namwachia mwenye injini ya zamani ya 3L (hilo jina la injini, si lita tatu) ilokwisha ringi, inatoa moshi wa buluu na inakula oili, ye anavuta siku tu.

Sasa namba ndo watu wanazijua. Herufi hawazitizami, na herufi ndo muhimu zaidi. Geuza dumu, tafuta palipoandikwa API, ndo daraja la oili la Wamarekani. Herufi inayoanza na C ni ya dizeli, inayoanza na S ni ya petroli, na kila herufi ya pili inavyosogea mbele ndo oili mpya zaidi: CF-4 ni ya 1990, CH-4 ya 1998, CI-4 ya 2002, CK-4 ya 2016. CF-4 bado utaiona madukani na bei yake inavutia, lakini hiyo ni oili iliyotengenezwa kabla hizi injini zetu kuzaliwa. CI-4 ililetwa kwa injini zenye EGR, yaani zinazorudisha moshi ndani ukaungue tena, na huo moshi unaacha masizi mengi kwenye oili. 1KD ina EGR. Basi CI-4 ndo pa kuanzia, chini yake mie sichukui hata nikipewa bure. Na ukiona dumu limeandikwa S tupu bila C, hata lipambwe picha ya lori mbele, lirejeshe.

Kuna moja inawashika wengi wanaoleta gari mpya mpya kutoka Japani: Hiace za dizeli za kuanzia kama 2010 nyingi zina DPF kwenye ekzosti, lile chujio la masizi. Hizo zinataka oili ya majivu machache, tafuta JASO DL-1 kwenye dumu, hilo ni daraja la Wajapani. Ukitia oili ya kawaida majivu yake hayaungui, yanabaki mule mule kwenye DPF mpaka linaziba. Kama DPF ilishang'olewa na fundi kabla hujainunua, hayo ni mambo mengine na wala sitaki kuyajua.

Halafu jamani hii ya rangi. Mtu anamwaga oili, siku mbili anachomoa stiki anaona nyeusi, anapiga kelele kauziwa feki. Dizeli ndo zake! Oili nzuri ina dawa ya kuyabeba masizi yasigande kwenye vyuma, kwahivyo kuwa nyeusi maana yake inafanya kazi. Ungeogopa ikibaki nyeupe kwenye injini chakavu. Feki zipo, sikatai, lakini hazijulikani kwa rangi, nunua kwa muuzaji anaekupa risiti na utamkuta pale pale mwezi ujao, na dumu likiisha mie nalitoboa msumari kabla ya kulitupa maana wapo wanaoyatafuta yale matupu yenye lebo safi.

Filta nayo. Toyota orijino namba zake zinaanza na 90915, ila namba siku hizi hata feki wanazichapa, kwahivyo tia kidole ndani. Ukitizama upande wenye nyuzi utaona vitundu vimezunguka pembeni na ndani yake kiwambo cha mpira. Hicho kinazuia oili isirudi chini gari ikizimwa. Bonyeza kwa kitu butu, kiwe laini na kirudi chenyewe, kikiwa kigumu kama plastiki usichukue, kila asubuhi taa ya oili itachelewa kuzima na injini inazunguka kavu. Ndani zaidi kuna valvu nyengine, karatasi ikiziba valvu inafunguka na oili inapita bila kuchujwa, kwasababu bora oili chafu kuliko hakuna. Ndo maana filta iliyoziba haikupi dalili yoyote, gari inakwenda tu na huku inakula beringi. Kumwaga oili na kuacha filta ya zamani, wanavyofanya baadhi ya watu kupunguza gharama, mie siielewi.

Wakati wa kufunga, hakikisha ule mpira wa filta ya zamani umetoka nao. Mara nyengine unabaki umeganda kwenye bloku, fundi hauoni, anafunga filta mpya juu yake, mipira miwili, na oili yote inamwagika njiani. Pitisha kidole. Paka oili mpya kwenye mpira mpya, funga kwa mkono mpaka uguse, ongeza robo tatu ya mzunguko, basi. Spana ya mnyororo ni ya kufungulia.

Kwa 1KD kuna ugonjwa ambao filta haiuwezi kabisa. Washa za kopa, vile viduara vya shaba chini ya nozeli, zikichoka, moshi wa mwako unavuja mpaka kwenye oili, unafanya makaa, na makaa yanaziba chujio la ndani ya sampu (beseni la oili chini ya injini), lile lililo kabla ya pampu. Filta ipo baada ya pampu, itafanya nini? Ukimwaga oili ukaona vipunje vyeusi vigumu chini ya beseni, usiridhike na kujaza mpya, shusha sampu ulitizame.

Na hii ya mwisho ni ya gari za kulala khasa. Zinakaa sana. Mgeni anaegesha Jambiani siku nzima anaogelea, halafu msimu wa masika gari haitoki kabisa. Hewa yetu ina unyevu, injini ikipata moto kidogo na kuzimwa maji yanabaki ndani, fungua kifuniko cha oili utaona utando mweupe kama maziwa. Kuiwasha dakika tano uani kila Ijumaa kunaongeza maji badala ya kuyatoa, bora uende nayo mpaka Makunduchi na kurudi ichemke sawasawa. Sie tunabadilisha kila km 5,000 ama miezi sita, kinachotangulia, na kwa gari hii miezi ndo inatangulia siku zote. Shemegi analalamika, lita karibu saba si mchezo, lakini hajapata hoja.

Tarehe na kilomita naandika kwa makapeni juu ya filta yenyewe. Vile vikadi vya gereji vinavyoning'inizwa kwenye usukani, mgeni wa kwanza anavitoa anavitia kwenye kitabu chake kuwekea ukurasa.