Daftari la madeni: nilivyozielewa objekti, fildi na methodi katika Python

Mfano wa "gari ni objekti, rangi ni fildi" haukunifikisha mbali. Nani anahitaji programu ya kumwambia rangi ya gari lake? Kilichonisaidia ni daftari la madeni la duka la mtaani. Kila mteja ana jina na orodha ya anachodaiwa. Hizo ndizo fildi: taarifa ambazo objekti inatembea nazo. Kukopa na kujumlisha ni methodi, kazi zinazozigusa taarifa hizo. Klasi ni ukurasa mtupu uliopigwa mistari. Objekti ni ukurasa wenye jina la mtu.

class Mteja:
    def __init__(self, jina):
        self.jina = jina
        self.madeni = []

    def kopa(self, kiasi):
        self.madeni.append(kiasi)

    def jumla(self):
        return sum(self.madeni)

asha = Mteja("Asha")
juma = Mteja("Juma")
asha.kopa(3500)
print(asha.jumla())

Inatoka 3500. Kwa Juma inatoka 0.

Hilo neno self lilinitatiza hadi nilipojua kwamba Python huisoma asha.kopa(3500) kama Mteja.kopa(asha, 3500). Basi self hapo ni asha. Ukiisahau kwenye mabano ya def, unapoita kopa utapata kosa la TypeError likilalamika kwamba umeleta vitu 2 badala ya 1, na wewe umeandika kimoja tu. Cha pili ni Asha mwenyewe.

Kosa baya zaidi halilalamiki kabisa. Niliwahi kuandika madeni = [] juu, chini ya class, nje ya __init__ (methodi inayoendeshwa kila mteja mpya anapoundwa). Asha akakopa 3500, Juma naye akadaiwa 3500! Orodha ya hapo huundwa mara moja tu, klasi inaposomwa, na wateja wote huandikiwa humo humo. Namba hulificha kosa hili: ukiweka deni = 0 pale juu kisha self.deni += kiasi, kila mteja hupata fildi yake papo hapo na hesabu inakwenda sawa, mpaka siku utakapobadili namba kuwa orodha. Siku hizi fildi za kila mteja naziweka ndani ya __init__, hata ile ya sifuri.

Na mabano: print(asha.jumla) haijumlishi kitu. Inachapisha maandishi yanayoanza na <bound method, yaani umeitaja kazi bila kuiagiza.