Bamvua limenikuta Venice

Siku tatu nilizokaa Venice, mbili sina la kuzisimulia. Ya tatu imeishia yote kwenye uwanja mmoja, Piazza San Marco.

Niliketi ninywe kahawa. Kikombe cha mafunda mawili, euro 7. Hesabu ilipoletwa nikakuta euro 6 nyingine, eti za muziki, kwa kuwa kulikuwa na wapiga fidla nyuma yangu. Sikuwaita mimi! Zaidi ya shilingi 30,000 kwa mafunda mawili. Roho iliniuma na hadi leo inaniuma. Jaws Corner pale Unguja kahawa ni sarafu tu, na mazungumzo unayakuta.

Chenji ikanidondoka. Nilipoinama kuiokota ndipo nikaona maji. Hayakutoka upande wa bahari. Yalikuwa yakibubujika taratibu kwenye vitundu vya mifereji, katikati ya sakafu ya mawe ya kijivu, maangavu kabisa, yakizunguka miguu ya meza. Nikachovya kidole, nikaonja. Chumvi.

Robo saa haikupita, viatu vimelowa. Watu wakapanda kwenye majukwaa ya mbao, wakapita wamepanga foleni, na kanisa la Mtakatifu Marko, kuba zake zote, likawa limelala kichwa chini ndani ya maji. Ni uzuri ambao sijapata kuuona. Na ulinitisha. Tarehe 12 Novemba 2019 kipimo chao cha maji kilifika sentimita 187. Siku hizi kuna kuta za chuma zinazoinuliwa baharini maji makubwa yakitarajiwa, ila uwanja uko chini mno, hulowa kabla kuta hazijainuliwa.

Nikiwa juu ya mbao nikampigia ami yangu Pemba, mtu aliyezeekea kwenye mashua.

“Mwezi ngapi leo?” akauliza.

“Kumi na tano, ami.”

“Basi bamvua hilo, mwanangu, maji makubwa ya mwezi mpevu. Na upepo?”

Nikamwambia wanauita Sirocco, unatoka kusini-mashariki kama kusi yetu, ndio unaosukuma maji mjini.

“Yamepanda kiasi gani?”

“Hata mita moja na ushei, ami.”

Kwetu bamvua hupanda karibu mita nne, nikadhani atacheka. Akanyamaza. Kisha akasema kisima cha nyuma ya nyumba kimeingia chumvi, bibi hakipikii tena, maji ya kupikia wanayafuata kwa jirani.