Siku yangu moja na hita za gesi hapa Dar, kwanza hewa ndo maji moto yafuate

Saa 12 asubuhi. Bado niko kituoni Tabata nasubiri daladala simu inaita. Kipindi hiki cha kipupwe ndo msimu wetu, hata Dar watu wanayakataa maji ya baridi asubuhi. Ni mama mmoja wa Mbezi Beach, anasema fundi hita nimeshanunua Kariakoo, njoo unifungie bafuni. Shikamoo mama, nikamuuliza hapohapo, hilo bafu lina dirisha? linafunguka? Akacheka, mbona huulizi habari ya bei. Bei tutaelewana tu.

Saa 2 na nusu. Nimefika. Bafu lina mita 2 kwa mita 1 na nusu, kwenda juu mita 2.7, kidirisha cha aluminiamu kinabana kabisa na mlango umekaza mpaka chini. Hita ni ile ya lita 6 kwa dakika isiyo na bomba la moshi. Sasa hapa nilitulia nikamweleza taratibu maana ndo kazi yenyewe hii, kufunga bomba kila mtu anaweza. Hita kama hiyo ukiifungulia mpaka mwisho inakula karibu kilo moja ya gesi kwa saa, na kilo moja ya gesi ya mtungi inataka hewa kama mita za ujazo 12 ndo iungue vizuri, wakati bafu lake zima ni mita za ujazo 8 na kidogo. Mtu akioga dakika 20 moto umeshadai hewa ya nusu ya chumba na yeye anavuta hiyohiyo inayobaki. Oksijeni ikipungua gesi haiungui yote, inatoka monoksidi ya kaboni, haina rangi haina harufu, na inang'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ile harufu ya mtungi ukivuja imewekwa makusudi ili tushtuke, hii haina cha kukushtua. Kichwa kinagonga, kizunguzungu, kichefuchefu, na sisi huku mtu akisikia hivyo anawaza malaria.

Akasema mwanangu, si nitaacha mlango wazi? Mama, akija mgeni ataoga mlango wazi? Akanielewa. Tukakubaliana hita ikae nje, ukuta wa nyuma chini ya paa, mbali na madirisha, na mtungi hukohuko.

Saa 5. Kutoboa ukuta, kuvuta bomba, kupaka povu la sabuni kwenye maungio kuangalia kama kunavuja. Safi.

Saa 7. Wali maharage Mwenge, nasonga mbele.

Saa 8. Sinza, kaka mmoja kapanga, hita yake ya kilowati 20 iko jikoni na ina bomba la moshi ila moto umekuwa wa njano na ukutani masizi, dalili kwamba gesi haiungui yote. Nikaangalia juu, matundu ya hewa yamezibwa na magazeti kisa mbu, nyavu za dirisha zimejaa vumbi mpaka hewa haipiti, afu juu ya jiko kuna feni ya kunyonya moshi. Nikawasha udi pale bomba linapoanzia. Feni ikiwa imezimwa moshi wa udi unapanda vizuri, ikiwashwa unageuka unatupiga usoni! Yaani feni inatafuta hewa, dirishani haipati, inaivuta kupitia bomba la hita na moshi wote unarudi ndani. Wamarekani kwenye kanuni zao, kama hewa ya kuunguzia gesi inatoka ndani tu, wanataka chumba cha mita za ujazo 4.8 kwa kila kilowati ya hita, hapo ni 96 na jiko la huyu kaka halifiki hata 25. Tukatoa magazeti, nikasafisha hita, tukatoboa ukuta wa nje tundu moja karibu na dari na lingine karibu na sakafu. La chini lina kazi mbili, kuingiza hewa na kutoa gesi iliyovuja, maana gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa kwahiyo ikivuja inalala chini. Nikarudia udi feni ikiwa imewashwa, moshi ukapanda. Nyavu azifue mara kwa mara, nimemsisitiza sana.

Saa 12 jioni. Foleni Ubungo. Nafikiria ule mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, naufurahia kwa dhati maana mkaa ndani ya chumba nao unatoa sumu hiihii hata ukishaiva hauna moshi. Ila gesi inaingia kwenye nyumba zilezile za madirisha ya kubana, natamani kila anayeuza mtungi amuulize mteja habari za dirisha.

Saa 2 usiku. Mteja wa kesho anaandika, anataka hita yenye bomba ikae stoo ya chini ya ngazi. Nimemjibu bosi stoo hiyo haina ukuta wa nje wa kutoboa matundu, pale inafaa tu ile iliyozibwa kabisa yenye bomba la njia mbili, inavuta hewa nje na kutema moshi nje, na hilo bomba lazima tupate njia ya kulifikisha nje. Anauliza bei kwanza.