Nilivyofuga vijidudu chumbani hadi nikampata dume wa kumwandika

Jamani, watu wakisikia naandika maelezo ya spishi mpya wanadhani nimekesha msituni, kumbe nlikuwa tu nyuma ya nyumba hapa Kisauni kwenye dimbwi la maji ya mvua. Nasema wale vijidudu wanaofanana na mbu lakini hawaumi, familia ya Chironomidae. Ukitaka kuwatofautisha angalia miguu, mbu akitua huinua ya nyuma, hawa ya mbele.

Kuwakamata si kazi, washa taa watakuja wenyewe. Shida ni kwamba spishi nyingi hutambuliwa kwa sehemu za uzazi za dume, na yule buu wa matopeni hafanani naye hata kidogo, sa utajuaje huyu ndo alikuwa yule? Nikaamua kuwafuga, kila buu na chupa yake, maji kidogo na tope, juu kipande cha chandarua. Mabuu hawa ni wekundu kwa ajili ya hemoglobini, ile ya kwenye damu inayoshika oksijeni, ndo maana wanaweza tope lenye hewa kidogo, mamangu alipowaona dirishani akaniuliza, "Mwanangu, sasa watufugia maradhi?" Na chandarua chenyewe nlikosea, asubuhi nakuta maganda yanaelea na wenyewe wadogo washapenya matundu! Nikafunga stokingi ya dadangu (hajui hadi leo).

Akitoka kwenye pupa (hatua kati ya buu na mdudu mwenye mabawa) usimuue papo hapo, mwache masaa kadhaa akauke rangi ikae, kisha mtie spiriti. Ganda la buu, ganda la pupa na dume mwenyewe wakae pamoja na namba moja, ukichanganya basi, umeanza upya.

Halafu maabara sasa. Tumbo unaliloweka kwenye potasi haidroksaidi asilimia 10 nyama iyeyuke, dume wa kwanza nlimsahau humo akabaki kamasi, wallahi nlikaribia kulia. Wa pili nikamtoa mapema, nikamlaza mkia ukitazama juu, nikapima kila pingili ya mguu na kipapasio. Mguu mmoja nimeuweka kando kwa DNA.

Nikimaliza kumlinganisha na wote waliokwishaandikwa na akabaki peke yake, huyo ndo holotipu, mmoja tu anayebeba jina. Jike bado sijampata, chupa nne ziko dirishani na stokingi imeniishia.